Kibao cha Deolinda

Barrero, 6 Oktoba 1996

Kwako Mama Mdogo Leocadia,

Nimeunganisha viganja, naomba baraka yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima na lile goti limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Isidro wangu bado yuko Buenos Aires kwenye ujenzi. Anasema baridi imepungua na msimamizi wake amepunguza matusi. Mvua imenyesha vizuri, muhogo umeshika. Mama yupo, anakusalimu. Yuko uani anachochea tanuri, ndiyo maana naandika mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Ng'ambo ya barabara wamefungua duka la chipa, mikate ya muhogo na jibini kama hii yetu, liitwalo Kiti cha Dhahabu. Lina taa zinazowaka na kuzimika, lina kipaza sauti, lina wasichana sita waliovaa sketi za aina moja. Chipa zao zinaokwa kwa gesi na zote zina ukubwa mmoja, kama vifungo vya shati. Tangu wafike, mabasi yanasimama kwao. Kwetu anasimama anayetaka kuuliza njia.

Wiki iliyopita meneja wao alikuja, kijana mpole, amejipaka manukato. Anataka tumkodishe kiwanja pamoja na tanuri, wapageuze mahali pa kuegesha magari. Tanuri alilolijenga bibi, Mama Mdogo! Anasema atakuja kuchukua jibu Jumatatu ya Pasaka mwakani. Sikumfukuza. Nikikwambia nilimfukuza nitakuwa mwongo, maana zipo siku narudi ndani na kikapu kilichojaa kama kilivyotoka.

Wewe una kiwanda chako cha uchapaji, umechapa lebo za nusu ya maduka ya Asunción, na unaandika gazetini kila Jumapili. Niambie nifanye nini. Niandike nini kwenye kibao? Nifungie chipa kwenye nini? Nasi tuvae sketi?

Barua nampa Sotelo, yule dereva wa basi la saa nne. Ukijibu mpe yeye huyo huyo pale kituoni.

Mwanao,
Zunilda


Asunción, 13 Oktoba 1996

Mwanangu Zunilda,

Mungu akubariki, ingawa mimi na Mungu tunaandikiana mara chache kuliko mimi na wewe. Goti linauma, asante. Mashine yangu ya kuchapia imevunjika meno mawili na fundi wake amevunjika mkono. Gazetini wamenikata aya mbili Jumapili iliyopita, wakaziacha zilizo dhaifu. Kwa hiyo niko katika hali nzuri ya kugombana, na umeniletea mtu wa kugombana naye.

Kwanza, sketi hapana. Ukivaa kama wao umekubali kwamba wao ndio kipimo, nawe utakuwa wa pili milele. Niliwahi kukaa saa nzima nikimsikiliza kijana mmoja wa ofisi ya matangazo, mwenye tai, akiwafundisha wenye maduka madogo "kujifunza kwa waliofanikiwa." Alikuwa hajauza hata sindano maishani mwake! Duka dogo likiiga kubwa linachukua kila gharama ya kubwa bila hata moja ya nguvu zake.

Pili, kibao chenu. Nakikumbuka. Kimeandikwa chipa, kahawa, barafu, makaa, kuku wa mayai, na chini yake "Yesu Ndiye Mlinzi Wangu." Mtu aliye ndani ya basi anapata muda gani wa kusoma hayo yote? Panda basi, Zunilda. Panda mara tatu, kaa viti tofauti, hesabu pumzi zako tangu duka linapoonekana mpaka linapopotea. Hizo pumzi ndizo mali yako yote. Kama ni tano, kibao kiwe na neno moja. Kuku wa mayai wajitangaze wenyewe, wana midomo.

Tatu, usiandike "bora." Usiandike "halisi" wala "ya asili." Nimechapa neno "halisi" kwenye lebo za siki iliyotengenezwa kwenye pipa la rangi. Neno lolote ambalo jirani yako naye anaweza kuliandika bila kuona haya, halina faida kwako. Tafuta kitu ambacho Kiti cha Dhahabu wakikisema watu watacheka.

Nne, usifungie chipa ya moto kwenye plastiki. Itatoka jasho, itakuwa sifongo. Karatasi, na juu ya kikapu kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Mtu anakiona kitambaa kabla hajaiona chipa, na ameshaamua.

Tano, rangi. Paka kibao chekundu, maandishi meupe. Hilo halina mjadala. Vitabu vyote vya fani hii, vya Kijerumani na vya Kihispania, vinakubaliana: jicho linakamata nyekundu kabla ya kitu kingine chochote. Na kile kibanda cha mabati mbele ya tanuri nacho kipake nyekundu, kionekane tangu kilimani.

Na huyo meneja mwenye manukato asipewe jibu wala kiti.

Mbona mama yako, Deolinda, hakuongeza hata mstari mmoja? Zamani alikuwa akikunyang'anya kalamu mwishoni anitukane kidogo. Mwambie namkumbuka.

Mama yako mdogo,
Leocadia


Barrero, 27 Oktoba 1996

Mama Mdogo,

Baraka yako. Haraka haraka, Sotelo amewasha injini. Kuku mmoja amekufa, Isidro ametuma picha, amenenepa.

Nimefanya yote! Kibao kimeandikwa CHIPA tu. Nyekundu, Mama Mdogo, nyekundu kama jogoo. Na kibanda pia. Nimepanda basi mara tatu kama ulivyosema: pumzi sita ukikaa kulia, mbili ukikaa kushoto. Vitambaa nimevipiga pasi mpaka vidole vimeungua. Njoo uone. Ni safari ya saa mbili tu, na hujaja tangu mazishi ya babu.

Mama anakusalimu. Mikono yake ina unga, hawezi kushika kalamu.

Zunilda


Asunción, 1 Desemba 1996

Mwanangu Zunilda,

Mungu akubariki. Mashine imepona, fundi bado. Uchaguzi wa meya umepita, nami nimewatukana walioshinda na walioshindwa kwa usawa, kwa hiyo sasa sina rafiki hata mmoja katika vyama vyote viwili vikubwa na nalala vizuri.

Ila wewe umenyamaza. Nimekwenda kituoni Jumapili nne. Ya kwanza Sotelo alisema hakusimama Barrero. Ya pili na ya tatu alisema hivyo hivyo, akitazama viatu vyake. Ya nne alijificha nyuma ya basi. Mtu mzima! Barua hii naitia posta, na kwa posta yetu huenda ikawakuta wajukuu zako.

Kuna nini? Kibao kimeanguka? Umemkodishia yule kijana? Kama umemkodishia niambie wewe mwenyewe, nisisikie kwa watu.

Kuhusu kuja, nina kazi za Noeli, kadi na kalenda. Sitaweza. Na Deolinda, unga kwenye mikono huoshwa kwa maji. Mpe kalamu.

Leocadia


Barrero, 10 Desemba 1996

Mama Mdogo,

Baraka yako. Barua yako imefika leo, imelowa. Sisi wazima. Kaa vizuri kabla hujaendelea kusoma.

Ile nyekundu. Wewe umesoma vitabu vya Kijerumani, nami nilikuamini mpaka nikasahau niko nchi gani. Nilipaka duka langu, mimi mjukuu wa babu Anselmo, rangi ya chama cha Wekundu, wiki tatu kabla ya uchaguzi!

Rangi haijakauka, katibu wa tawi lao anaingia amefungua mikono. "Hatimaye, Zunilda! Hatimaye familia hii imerudi nyumbani!" Akaniagiza chipa za mkutano wao na kunipigapiga mgongoni. Nikamwambia ni rangi tu, bwana. Akakonyeza jicho. "Ndiyo, ndiyo. Ni rangi tu." Jioni jirani yetu Ña Crescencia, ambaye ninyi wa mjini mngemwita Bi Crescencia, akapita na ndoo yake, hakuingia, akasema akiwa barabarani kila mtu asikie: "Babu yako alizikwa na skafu yake ya bluu shingoni. Amegeuka kaburini, binti. Sasa analala kifudifudi."

Sasa fikiria, madereva wa njia hii wengi wao ni wa chama cha Wabluu, kama babu. Sotelo ana leso ya bluu aliyorithi kwa baba yake, hafutii hata jasho. Alipunguza mwendo, akakitazama kibao, akaniambia dirishani: "Dada, chipa nyekundu itanikwama kooni." Akaondoka. Nikasema nibadili niweke bluu. Crescencia akapiga makofi. Na hapo hapo nikajua Wekundu nao hawatasimama. Kijani je? Kuna chama. Njano? Kile chama kipya, na jirani wa nyuma ni mwenyekiti wao. Nchi hii kila rangi ina katibu! Mahujaji wa Bikira wa Caacupé wamepita kwa maelfu juzi, nami nimekaa chini ya kibao changu chekundu nikila chipa zangu mwenyewe.

Sikuandika kwa sababu niliona haya. Kwa ajili yako kuliko yangu.

Na kuna la pili. Hili nimekatazwa kulisema, nalisema.

Mama hana sauti. Mwezi wa Juni walimtoa uvimbe kooni. Ugonjwa umekwisha, anakula, anakanda unga kuliko mimi. Lakini sauti haikurudi. Akifungua mdomo inatoka hewa tu. Sasa anaandika kwenye daftari la shule. Siku aliyotoka hospitali aliandika: "Leocadia asijue. Atakuja na huruma, na huruma yake ina maneno mengi."

Unajua sauti yake ilivyokuwa. "Chipa motooo! Mwenye meno atafune, asiye nayo amumunye!" Madereva walizima redio kumsikia. Sasa hapandi tena mabasi. Kwa hiyo si Kiti cha Dhahabu kilichotuangusha. Kilifungua Septemba, na kikapu kilianza kurudi kimejaa tangu Juni. Nilikuuliza swali lisilo lenyewe, nawe ukanijibu vizuri sana.

Sijui nifanye nini, Mama Mdogo. Kijana wa manukato amepita tena. Amemletea mama keki.

Zunilda


Asunción, 22 Desemba 1996

Mwanangu,

Mungu akubariki, na safari hii namwomba kweli.

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye mlango wa posta, kisha nikaisoma tena nimekaa. Nimewaandikia watu miaka ishirini na tano kwamba wasomi wetu wanachota maarifa nje bila kuitazama ardhi wanayokanyaga. Nimewataja hata kwa majina. Halafu nikakupaka nyekundu, mimi, binti wa Anselmo mwenye skafu. Yule kijana mwenye tai angekuuliza kwanza madereva ni akina nani. Kesho asubuhi ningekwenda kumwomba radhi, kama ningekuwa mtu wa aina hiyo.

Sasa kuhusu sauti. Nimeanza sentensi hii mara nne.

Mwaka 1966 nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Unajua nani alinisomesha. Kikapu cha Deolinda. Tulikuwa tunakwenda Villarrica, wanafunzi kumi hivi, vijana wa familia kubwa, tunabishana kuhusu vitabu. Nilikuwa nimewaambia baba yangu ni tajiri mwenye shamba kubwa. Basi likasimama Barrero, nikaisikia sauti yake kabla sijamwona. "Mwenye meno atafune." Wenzangu wakacheka, mmoja akaanza kumwigiza. Mimi nilifungua kitabu nikakiinua mpaka kikanifunika uso.

Alipita kwenye ujia akiuza. Alipofika kwangu alinyamaza. Akaniwekea chipa moja mapajani, hakudai kitu, akaendelea mbele na sauti yake ile ile. Aliteremka kituo kilichofuata. Hatujalizungumza hata siku moja. Miaka thelathini nimekuwa nikija kwa mazishi tu, na kila mara nimekuja kwa gari la mtu, si kwa basi.

Msomee hii, au mpe aisome. Sitaki anijibu.

Ushauri ninao mmoja, ni mfupi, kwa sababu imani yangu katika ushauri wangu imepungua. Usitafute namna ya kuwashinda jirani zako. Jiulize mabasi yalikuwa yanamsimamia nani, na ni nini cha mtu huyo ambacho kinaweza kuonekana kwa pumzi sita. Kama huwezi tena kumsikia Deolinda barabarani, lazima uweze kumwona. Namna gani, sijui. Wewe ndiye uliye huko, na macho yako ni mazuri kuliko yangu. Nimeona mahesabu yako ya pumzi, kulia na kushoto. Sikukuambia uhesabu pande zote mbili. Nimewafundisha wachapaji wengi na hakuna aliyewahi kufikiria hilo.

Leocadia


Barrero, 23 Februari 1997

Mama Mdogo,

Baraka yako. Utanisamehe kwa kuchelewa; nilitaka niwe na kitu cha kukuonyesha. Isidro alikuja Noeli, amerudi. Ng'ombe amezaa. Hii inakuja kwa mkono wa Sotelo, kwa hiyo ujue kuna jambo limebadilika.

Nilimpa mama barua yako. Aliisoma polepole kando ya tanuri, akaikunja, akaiweka kifuani. Siku ya tatu asubuhi nikaamka nikamkuta uani na ndoo ya chokaa. Alikuwa amepaka kibanda chote cheupe. Kibao nacho cheupe, neno CHIPA limefunikwa. Nikasema, "Mama, umefuta hata lile moja tulilokuwa nalo!" Akanipungia mkono ninyamaze. Akatoa kaa kwenye tanuri, kubwa kama ngumi, akapanda kwenye kiti akachora ukutani. Mstari mmoja wa kupinda, kama nusu ya mwezi iliyokaa chini. Kisha akapaka ndani yake masizi, kwa kiganja, mpaka pakawa peusi kabisa.

Mdomo wa tanuri. Basi. Nusu duara jeusi kwenye ukuta mweupe, urefu wa mtu.

Nilisimama barabarani nikautazama, nikasikia njaa.

Masizi hayana chama, Mama Mdogo. Crescencia alizunguka kibanda kizima akitafuta chama, akanunua nne. Katibu wa tawi alikuja kuuliza imekuwaje, nikamwambia mvua imeosha. Tumechanganya masizi na mafuta ya kitani ili mvua yenyewe isituumbue.

Sikuishia hapo. Nilipanda mabasi tena, mara saba, pande zote. Nikaona kitu. Kibao cha Kiti cha Dhahabu kiko baada ya kona. Abiria anakiona wakati dereva ameshapandisha gia, na dereva aliyekwisha kupandisha gia husimama kwa shida, hata umpe dhahabu yenyewe. Basi nikaweka kibao cha pili, kidogo, mdomo ule ule, hatua mia mbili kabla ya kona, pale kwenye tuta ambapo lazima apunguze. Hakuna neno juu yake. Na pale ndipo ninaposimama na kikapu, upande wa kulia, moshi unaponipitia. Sitoi sauti. Nafunua kitambaa tu.

Na chipa ya kwanza ya kila moto ni ya dereva, iwe amesimama au hakusimama. Hiyo ilikuwa desturi ya mama, mimi nilikuwa nimeiacha kwa ubahili. Tulikuwa tunapanga kumvutia abiria, kumbe anayeamua basi lisimame ni mwenye usukani. Sotelo alipopewa ya kwanza aliitazama, akautazama mdomo ukutani, akasema, "Sasa hii naweza kuimeza." Wiki iliyopita mabasi tisa yamesimama kwa siku moja. Si kama zamani, lakini kikapu hakirudi kimejaa.

Bado sijaamua kuhusu kijana wa manukato. Tisa ni tisa, na wao ng'ambo wanapata arobaini. Pasaka ndiyo itakayosema.

Mama amejibu barua yako ingawa ulikataza. Nanakili daftari neno kwa neno: "Mwambie chipa ile ilikuwa imeungua chini. Ndiyo maana sikudai. Jumatano ya Juma Kuu tunakanda kama kawaida, na mikono haitoshi. Aje. Na aje kwa basi."

Zunilda


Asunción, 9 Machi 1997

Mwanangu Zunilda,

Mungu akubariki. Fundi amepona, goti halijapona.

Nimesoma habari za kibao kile, nikaichora nusu duara kwenye karatasi na kuibandika ukutani kazini. Wateja wanauliza ni nini. Aliyezaliwa mjini anasema pango. Aliyezaliwa shamba hasemi, anameza mate. Juzi alikuja yule kijana wa tai kuchapisha kadi zake. Nikamwonyesha. Nikamwambia: hii imechorwa na mwanamke aliyeacha shule darasa la tatu, kwa kaa, baada ya mimi mwenye rafu mbili za vitabu kumharibia ukuta. Haina neno, haina sifa, haina rangi, na jirani yake hawezi kuiiga kwa sababu anaoka kwa gesi na hana mdomo wa kuonyesha. Kaa chini uitazame mpaka uelewe. Alikaa, namshukuru. Alikaa nusu saa.

Na ile ya tuta na gia, Zunilda, sijaisoma katika kitabu chochote. Ningekuwa na wanafunzi ningewapandisha basi lako.

Kuhusu Jumatano nitaona. Kuna kazi nyingi. Nitaona.

Leocadia


Barrero, 6 Aprili 1997

Mama Mdogo,

Baraka yako. Natumaini ulifika salama na mgongo haukuumi kwa kukanda. Jirani wote waliogawiwa chipa zako wanakusalimu. Watoto wa Crescencia wanauliza yule uliyemfinyanga kwa unga wa chipa alikuwa njiwa au mamba. Nimewaambia njiwa.

Jumatatu ya Pasaka kijana alikuja, na shati jipya. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba. Mama akanitangulia. Alifungua daftari, akaandika, akaligeuza kijana asome: HAPANA. Kijana akaanza kueleza. Mama akalichukua tena, akaongeza chini yake: "Chukua chipa ya njiani." Akaichukua. Aliila akivuka barabara, na alipofika kwao alisimama mlangoni amegeuka huku, anatafuna, mpaka msichana mmoja wa sketi akamwita.

Sasa kuna jambo ulilonificha. Jumatano ile mimi nilikuwa kwenye tanuri. Nilimwona mama anatoka na kikapu anaelekea kwenye tuta, nikamkimbilia, "Mama, unakwenda wapi?" Akanirudisha kwa mkono. Nikaona basi la Sotelo linapunguza, nikamwona anapanda. Mama, ambaye hajapanda basi tangu Juni! Basi likakaa. Likakaa sana. Kisha mkateremka wote wawili, kikapu kitupu, mama anacheka kile kicheko chake kisicho na sauti mpaka machozi, na wewe umevaa miwani kombo. Nikakuuliza, ukasema, "Unga uko wapi?"

Basi Sotelo amenisimulia. Ameisimulia barabara nzima, anaisimulia mpaka Villarrica. Anasema: "Kulikuwa na mwanamke wa miwani, kiti cha nne, anasoma kitabu tangu Asunción, sura imekunjwa kama mtu aliyeuziwa maziwa mabovu. Ña Deolinda akapanda. Akasimama pale mbele na kikapu, akafungua mdomo, ukatoka upepo. Abiria wanaomjua wanatazama dirishani. Namwona kwenye kioo anageukia mlango, nikasema sasa atateremka. Mara kitabu, pa! chini. Yule wa miwani akasimama kwenye ujia. 'Chipa motooo! Mwenye meno atafune, asiye nayo amumunye!' Zunilda, sauti ile! Mtoto aliamka, nami nikakanyaga breki na basi limeshasimama! Jamaa mmoja wa nyuma akacheka. Akamgeukia: 'Wewe una meno, bwana? Basi nyoosha mkono!' Akanyoosha. Wakaenda kiti kwa kiti, mmoja anaita, mmoja anagawa, mpaka mwisho. Chipa ya Ña Deolinda, anapiga kelele, chipa ya Ña Deolinda! Sijaona mtangazaji kama yule."

Kwa nini hukuniambia?

Sotelo anauliza kama utapanda tena mwezi ujao, maana abiria wameanza kuuliza.

Mwanao,
Zunilda


Asunción, 13 Aprili 1997

Mwanangu Zunilda,

Mungu akubariki. Goti limevimba, na koo limekauka kama nimekula chokaa. Daktari ananiambia ninyamaze wiki moja, jambo ambalo wahariri wangu wamelipokea kwa furaha.

Alikuwa njiwa.

Sotelo amesimulia vizuri, ila amekosea mahali pamoja, na mahali penyewe ndipo penye maana. Sikuita chipa ya Ña Deolinda. Nilisema, "Chipa ya dada yangu." Nilisema hivyo mbele, nikasema katikati, nikasema tena nyuma kabisa, basi zima likasikia. Mwambie kama anatutangaza mpaka Villarrica, atutangaze sawasawa.

Mwezi ujao nitapanda basi lake la saa nne.

Leocadia